Namna ya Kuutambua Mwito Wako na Kukua Ndani Yake: Mwongozo kwa Mkristo wa Malindi

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Mkristo wa kawaida wa mji wetu: muuza samaki, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa tuktuk, mama wa kwaya, kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani na sasa anajiuliza Mungu anamtaka afanye nini na maisha yake. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi katika miaka niliyohudumu kama mzee wa kanisa, na karibu kila anayeniuliza hutaraji jibu lije kwa ndoto, kwa unabii, au kwa kinywa cha mhubiri mgeni. Sipingi kwamba Mungu husema kwa ndoto, maana Maandiko yamejaa habari hizo. Lakini nilivyoona mimi, mwito unaodumu hutambulika polepole, mtu anapokaa na Neno kila siku, akafanya lililo mkononi mwake, na akakubali kupimwa na watu wanaoweza kumwambia hapana.

Jambo hili la kupimwa sisi wa Malindi hatuwezi kulipita kwa haraka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na walionusurika walisimulia jinsi watu walivyoaminishwa na mhubiri wao kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kwenda kukutana na Yesu. Tuliziona familia zikija mjini kutoka mbali, zikisubiri nje ya chumba cha maiti ili zipimwe vinasaba (DNA) na kujua kama mtu wao alikuwa miongoni mwa waliofukuliwa. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wenye kiu ya kweli ya kumjua Mungu. Kiu yao haikuwa kosa. Walichokosa ni mtu wa kuwapima, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutengwa na ndugu, majirani, shule na hospitali, na hapakubaki sauti nyingine ya kuwarudisha. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata nimezipanga kwa namna ambayo hakuna hata moja inayomwacha mtu peke yake na kiongozi mmoja.

Hatua ya kwanza: Tenga saa, na uishike

Chagua wakati mmoja wa siku ambao unaweza kuushika kwa miezi mitatu bila kuvunja. Kwetu pwani alfajiri ndiyo bora, kabla jua halijawa kali na kabla simu hazijaanza kulia. Wakristo wengi ninaowafahamu huamka pamoja na adhana ya msikiti wa jirani, na mmoja wao aliniambia kwamba huishukuru sauti hiyo kila siku, kwa kuwa humkumbusha kwamba mwenzake ameshaamka kumwomba Mungu naye bado amelala. Dakika ishirini zinatosha kuanzia. Mtu anayejiahidi saa mbili siku ya kwanza huwa ameacha ifikapo wiki ya pili.

Anza na Injili nne. Mathayo ina sura 28, Marko 16, Luka 24 na Yohana 21, jumla sura 89, kwa hiyo ukisoma sura moja kwa siku utakuwa umemaliza maisha yote ya Bwana Yesu ndani ya miezi mitatu. Mimi hushauri kuanza na Marko, kwa kuwa ni fupi na habari zake zinakwenda mbio. Soma kwa sauti, hata kama ni ya chini, kwa sababu jicho huruka maneno ambayo ulimi hauwezi kuyaruka. Kama Kiswahili cha Biblia ya zamani kinakupa taabu, weka kando yake tafsiri nyepesi zaidi, na kama lugha uliyonyonyeshwa nayo ni Kigiriama, soma Biblia ya Kigiriama pia, maana yapo maneno yatakayokugusa kwa lugha ya mama baada ya kupita juu yako miaka yote kwa lugha ya kanisani.

Kila baada ya kusoma, jiulize maswali matatu tu: sura hii imenionyesha nini kuhusu Mungu, watu waliotajwa humu walifanya nini, na mimi nifanye nini leo kabla ya jua kuchwa. Swali la tatu ndilo lenye kazi. Jibu lake liwe jambo linaloweza kuonekana: kumlipa mtu deni lake, kwenda kumjulia hali mgonjwa, kunyamaza mahali ulipozoea kujibu.

Hatua ya pili: Nunua daftari

Daftari la shule la kurasa 96 linafaa kabisa. Andika tarehe, sura uliyosoma, na jibu la lile swali la tatu. Jioni, kabla ya kulala, ongeza mstari mmoja unaosema kama ulilifanya au hukulifanya, na mstari mwingine unaotaja mtu mmoja ambaye siku hiyo ulihusika naye zaidi kuliko ilivyokulazimu. Huu mstari wa mwisho watu huudharau, ilhali ndio utakaokuja kukufunulia mambo. Usiandike maombi marefu wala tafakari za kupendeza. Daftari hili ni kama kumbukumbu za duka: linaandikwa kilichoingia na kilichotoka.

Hatua ya tatu: Lisome daftari lako ukitafuta kazi uliyokwisha kuianza

Baada ya siku thelathini, keti usome kurasa zote kwa mara moja. Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea.

Jioni moja alinijia kijana fundi wa pikipiki, mikono yake ikiwa bado na grisi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uketi.”

Aliniambia kwamba Mungu amemwita kufungua kanisa, kwamba gereji ataifunga mwisho wa mwezi, na kwamba jina la kanisa ameshalichagua na kibao kimeshapakwa rangi. Sikumpinga. Nilimwomba anionyeshe daftari lake, kwa kuwa nilikuwa nimempa zoezi hili wiki kadhaa nyuma, naye akalitoa mfukoni likiwa limekunjwa katikati. Kurasa nyingi zilikuwa za kuombea mkutano mkubwa wa injili, jukwaa na vipaza sauti. Lakini katika mistari ile ya jioni, ile ya mtu uliyehusika naye, nilikuta mara nne habari ya wavulana wawili watatu: “nimewanunulia chai na mahamri”, “nimemwonyesha yule mdogo kufunga cheni”, “amelala gereji, nimemwachia blanketi”. Kando ya mstari mmoja palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba. Niliweka kidole changu juu ya alama ile nikamuuliza, “Hawa ni nani?”

“Ah, hao ni watoto tu, mzee. Wanakuja pale gereji, hawana pa kwenda.”

“Na nani alikuambia uwanunulie chai?”

Alinyamaza kwa muda mrefu, akilitazama daftari. Hakuna aliyemwambia. Hakukuwa na mhubiri wala ndoto wala kibao. Alikuwa anaifanya kazi hiyo kwa sababu hakuweza kutoifanya, na kwa kuwa haikuwa na jukwaa hakuihesabu kuwa huduma. Gereji hakuifunga. Kila Alhamisi jioni, baada ya kufunga kazi, huketi na wavulana hao juu ya mabenchi ya mbao katikati ya spana na tairi kuukuu, wakisoma Marko sura moja moja, na asiyejua kusoma hufundishwa herufi kwanza.

Kwa hiyo unapolisoma daftari, usitafute jambo ulilolitamani. Tafuta watu wanaojirudia. Tafuta kazi ambayo umekuwa ukiifanya bila kuombwa na bila kulipwa, na ambayo baada ya kuifanya hukuhesabu hasara. Kama hakuna hata moja, hilo nalo ni jibu: endelea mwezi wa pili, na safari hii jitie karibu na wenye shida zaidi kidogo kuliko mwezi uliopita, kwa maana mwito mara nyingi hukutana na mtu njiani akielekea kwa jirani. Bwana alisema kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, na mimi nimeona kwamba watu wengi wanaolilia kubwa hawajaliangalia dogo lililo mlangoni mwao.

Hatua ya nne: Tafuta mlezi, na umpe ruhusa ya kukukatalia

Samweli alipoitwa usiku hekaluni, hakuitambua sauti. Alikimbilia kwa Eli mara tatu, na ni Eli mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliyetambua kwamba Bwana ndiye anayemwita mtoto yule. Mungu angeweza kujitambulisha mara ya kwanza, lakini alimwacha mtoto apitie kwa mzee. Sisi wa mji huu tuna mfano mwingine wa karibu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, alikuwa amekwisha kuizunguka Afrika yote ya kusini kwa ujuzi wake na wa mabaharia wake, lakini bahari iliyokuwa mbele yake hakuijua. Aliomba rubani kwa mfalme wa Malindi, akapewa, na ndipo alipovuka kwa upepo wa kusi hadi Calicut katika muda usiofika mwezi mmoja. Ujuzi uliomfikisha hapa haukutosha kumvusha.

Mlezi anayefaa ni mtu aliyekutangulia katika imani kwa miaka mingi, ambaye nyumbani kwake panajulikana, ambaye jirani zake, hata wasio Wakristo, humtaja kwa wema, na ambaye hanufaiki kwa fedha wala kwa sifa na uamuzi utakaoufanya. Sharti hili la mwisho usilifanyie mchezo. Anayekushauri uache kazi ili ukamtumikie yeye si mlezi wako. Na anayekuambia usimweleze mkeo, mumeo, wazazi wako au wazee wa kanisa lako yale aliyokuambia, mkimbie siku hiyo hiyo.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipokuwa kijana mwenye watoto wawili, mhubiri mgeni alinitaja mbele ya watu akasema kwamba nimeachiliwa kutoka kwenye ajira ili niingie katika huduma. Niliacha kazi juma lile lile bila kumwuliza mtu, na mke wangu nilimwarifu baada ya barua kupokelewa. Kwa miezi minane nilingoja milango ifunguke. Mtoto wangu wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, akaketi barazani na sare yake ya shule, akinitazama. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyenijia, akakaa nami kwenye mkeka, akaniuliza swali moja: “Mwanangu, kabla ya siku ile, ni nani mwingine aliyekuwa amekiona kitu hicho ndani yako?” Sikuwa na jina la kutaja. Tangu siku hiyo alikuwa mlezi wangu mpaka alipofariki, na swali lake ndilo ninalowauliza wengine.

Kutana na mlezi wako mara moja kwa mwezi, ukiwa na daftari. Mweleze unachodhani unaitiwa, kisha umwambie waziwazi: “Ukiona nimekosea, nakuomba uniambie, nami sitakukasirikia.” Akikuambia ungoje, ngoja. Ukiona amekosea, mtafuteni pamoja mtu wa tatu, badala ya wewe kwenda kimya kimya kutafuta atakayekubali.

Hatua ya tano: Kufunga na kuomba kwa ajili ya mwelekeo

Kufunga ni agizo jema, na sipendi kuona woga uliotokana na Shakahola ukituondolea tendo ambalo Bwana mwenyewe alilifanya na kulifundisha. Lakini kuwe na mipaka inayojulikana kabla ya kuanza. Funga kuanzia asubuhi hadi jioni, siku moja kwa juma, na ufungue kwa chakula cha kawaida. Maji usiyaache, hasa katika joto letu la Januari hadi Machi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa za kila siku asifunge chakula bila kuzungumza na daktari wake; afunge simu, afunge maneno, afunge matumizi yasiyo ya lazima. Mtoto hafungishwi. Dawa haiachwi kwa jina la imani. Mtu yeyote akikuzidishia siku, au akakukataza kufungua, au akakuambia kwamba njaa yenyewe itakuokoa, huyo amekwisha kutoka katika injili, kwa maana tulikombolewa kwa mwili wa Kristo na si kwa kuudhoofisha mwili wetu.

Soma Isaya 58 siku utakayofunga. Nabii anasema kwamba funga aliyoichagua Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumleta nyumbani maskini aliyetupwa nje. Kwa hiyo fedha ambayo ungenunulia chakula cha mchana, iweke kando siku hiyo hiyo na uipeleke kwa mtu unayemjua kwa jina. Bwana Yesu alisema ufungapo unawe uso. Basi oga, vaa vizuri, nenda kazini, na usiwe mkali kwa watoto.

Ukipata ono au neno wakati wa maombi, liandike kama lilivyo, bila kuliongezea maana, kisha ulipeleke kwa wenzako. Katika Matendo sura ya 16 Paulo peke yake ndiye aliyemwona usiku yule mtu wa Makedonia, lakini tazama Luka anavyoendelea: anaandika kwamba “tuliona hakika” kuwa Mungu ametuita. Aliyeona ni mmoja, walioamua ni wengi. Kule Antiokia pia, katika sura ya 13, wanatajwa manabii na walimu watano, na Barnaba na Sauli walitumwa baada ya wenzao kufunga, kuomba na kuwawekea mikono. Hata Sauli, aliyekutana na Bwana njiani kuelekea Dameski, hakujituma mwenyewe.

Hatua ya sita: Ijaribu kazi kwa msimu mmoja

Mlezi wako na wazee wa kanisa wakikubali, anza kidogo, na uanze kwa muda uliopimwa. Mimi hupima kwa pepo, kama walivyofanya babu zetu wavuvi: kusi moja au kaskazi moja, yaani miezi minne au mitano. Hakuna nahodha wa Malindi anayekitoa chombo kipya kiwandani akakipeleka bahari kuu siku hiyo hiyo. Hukishusha majini, akaangalia kama kalafati, yaani pamba iliyozibia nyufa za mbao, imeshika, akasafiri karibu na pwani kwanza. Usiache ajira yako katika msimu huu. Usikodi ukumbi wala usichapishe mabango.

Weka mambo ya fedha sawa tangu shilingi ya kwanza. Mchango usiingie kwenye simu yako. Watu wawili wasio ndugu zako washike hesabu, na kila mwezi isomwe mbele ya wanaochangia, hata kama jumla yake ni ndogo kiasi gani. Nimeona huduma njema zikifa kwa sababu ya fedha ambayo haikuibwa na mtu yeyote, bali haikuandikwa.

Kumbuka pia kwamba mji huu tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, na wengi wetu tumechangia kisima kimoja na msiba mmoja. Huduma inayoanza kwa kuwakosesha majirani usingizi haitapata wa kuisikiliza. Mwarifu mzee wa mtaa, mwombe radhi jirani mapema ikiwa mtakuwa na mkesha, na kama huduma yako ni ya kulisha au ya kufundisha watoto, usimbague mtoto kwa dini ya wazazi wake.

Hatua ya saba: Keti uhesabu wakati wa maleleji

Kaskazi inapomalizika na kusi haijashika, kuna majuma ambayo bahari yetu haina mwelekeo, na wavuvi hutumia muda huo kushona nyavu na kutengeneza vyombo. Huo ndio wakati wa kikao chako cha tathmini, na mwingine ni pale kusi inapopisha kaskazi, kuelekea mwisho wa mwaka. Waite mlezi, mtu mmoja mnayehudumu pamoja, na mtu mmoja kati ya wale unaowahudumia. Huyu wa tatu asikosekane. Waulize kila mmoja, ukiwa kimya: ni nani aliyesaidika, ni nani aliyeumia, na je, mimi mwenyewe nimekuwa mpole zaidi au mkali zaidi tangu nianze? Mke au mume ndiye mwenye jibu sahihi zaidi la swali hili la mwisho, kwa hiyo aulizwe kabla ya wote.

Kuhusu matunda, msiyahesabu kwa idadi ya watu peke yake. Krapf, mmisionari kutoka Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Rebmann, mmisionari mwenzake, alimfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai, karibu na Mombasa, na Rebmann akabaki huko hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa karibu kipofu. Waliobatizwa katika miaka ile wangeweza kuketi kwenye mkeka mmoja. Rebmann angepimwa kwa ripoti ya mwaka, angerudishwa kwao mapema. Lakini msiutumie mfano huu kumfariji mtu anayeharibu: uvumilivu wa Rebmann ulikuwa na mtu wa kuuona na kanisa la kuliandikia barua, na kazi yake haikumdhuru mtu.

Mwisho wa kikao, amueni moja kati ya matatu: kuendelea kwa msimu mwingine, kubadilisha kitu kimoja kinachotajwa kwa jina, au kusimamisha. Kusimamisha kusionekane kuwa ni aibu, wala wanaohudumiwa wasiachwe ghafla. Wakabidhiwe kwa mtu mwingine kwa majina yao, mmoja mmoja. Uamuzi uandikwe katika ukurasa wa mwisho wa daftari, kila aliyekuwapo aweke sahihi yake, na tarehe ya kikao kijacho iandikwe hapo hapo kabla vikombe vya chai havijaondolewa. Asubuhi yake fungua daftari jipya, na usome sura inayofuata.